Mizani Mbili: Unafiki na Chanzo cha Mamlaka ya Kimaadili katika Tawasifu ya Tippu Tip

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii inaifaa tawasifu kuliko utanzu mwingine wowote wa nathari, kwani humo mtu mmoja huwa mshtakiwa, shahidi, wakili na hakimu kwa wakati mmoja. Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, ni kielelezo cha mapema cha hali hiyo katika Kiswahili. Msimulizi aliitunga Unguja baada ya kurejea moja kwa moja kutoka bara, kwa ombi la Heinrich Brode, Mjerumani aliyefanya kazi katika ubalozi wa nchi yake. Ikaandikwa kwa hati za Kiarabu, kisha Brode akaigeuza kuwa katika hati za Kirumi, akaifasiri kwa Kijerumani na kuichapisha Berlin katika miaka ya 1902 na 1903. Msimulizi mwenyewe alifariki mwezi Juni 1905. Toleo la W. H. Whiteley la miaka ya 1958 na 1959, lenye Kiswahili na tafsiri ya Kiingereza, ndilo lililoifikisha tawasifu hii katika vyuo vya Afrika Mashariki. Na mwaka 1974 François Bontinck aliitoa kwa Kifaransa.

Tangu hapo wanahistoria wameitumia kama ghala la habari: njia za misafara, majina ya watawala, bei ya pembe. Wanaisimu wameitazama kama sampuli ya Kiswahili cha wafanyabiashara wa karne ya 19. Swali lililoulizwa mara chache ni lile ambalo msomaji wa kawaida hulikuta mapema sana katika kuisoma: je, mtu anayesimulia bila haya kwamba aliupata utawala kwa kusema uongo, kisha akawalaumu wengine kwa kutotimiza ahadi zao, ana haki gani ya kulaumu? Na wale waliomng'oa yeye na watu wake kutoka Kasongo na Kabambare kwa jina la kupiga vita utumwa, wao walikuwa na haki gani?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa hatua tatu. Kwanza, yanakichambua kisa cha nasaba ya Utetera. Pili, yanakilinganisha na mwenendo wa wapinzani na mashahidi wa msimulizi, yaani Stanley, Leopold II na Livingstone. Tatu, yanalitazama neno *muungwana* lilivyobadilika katika Maniema ya kusini. Hoja inayotetewa ni kwamba unafiki ni uovu, lakini uovu wake hauko pale unapotafutwa kwa kawaida.

2.0 Kisa cha Nasaba

Mapema katika miaka ya 1870 msafara wa Hamed bin Muhammed ulikuwa umekwisha kupita Itabwa na Urua ukielekea magharibi. Njiani msimulizi akapata habari za Utetera, nchi yenye watu wengi na pembe nyingi, na za mtawala wake mzee, Kasongo Rushie. Akasikia pia kwamba zamani ndugu wa kike wa mtawala huyo walichukuliwa mateka na watu wa Urua wala hawakurudi. Habari hiyo ilimtosha. Aliwaeleza wenyeji kwamba babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir el Wardi, alipata kufika Urua, akampata huko mwanamke mateka, na mwanamke huyo ndiye aliyemzaa mama yake. Kwa hiyo yeye, mgeni mwenye bunduki na vitambaa, alikuwa damu ya nyumba ya Kasongo Rushie. Mzee aliposikia alifurahi, akampokea kama mjukuu, akampa utawala. Na pembe zikaanza kupelekwa kwa mtawala mpya.

Ufundi wa uongo huu unastahili kuangaliwa. Habib bin Bushir hakuwa mtu wa kubuniwa; binti yake ndiye mama wa Hamed. Kilichobuniwa, kwa maoni ya wataalamu wengi, ni bibi wa Kitetera. Uongo umepandikizwa juu ya shina la kweli, na umepandikizwa mahali ambapo wenyeji walikuwa na jeraha. Kasongo Rushie hakudanganywa kwa tamaa yake bali kwa huzuni yake. Mtu aliyepotelewa na ndugu huwa tayari kuamini kwamba sehemu ya ndugu yake imerudi.

Ipo njia nyingine ya kukisoma kisa hiki, na haki inadai itajwe. Yawezekana mzee hakuwa mjinga. Mtawala aliyezeeka, mwenye maadui pembezoni, angeweza kuona faida ya kumpokea mwenye bunduki kuwa mjukuu, kwa kuwa katika jamii nyingi za bonde la Lualaba undugu hupangwa kama unavyozaliwa. Kwa usomaji huu, nasaba ilikuwa mkataba uliovikwa vazi la damu, na pande zote mbili zililijua vazi hilo. Hata hivyo tawasifu haimpi Kasongo Rushie nafasi ya kusema mawazo yake. Tunachokisikia ni sauti ya aliyefaidika. Na sauti hiyo haisemi kwamba palikuwa na mkataba. Inasema kwamba palikuwa na hila, na kwamba hila ilifaulu.

3.0 Ukweli kwa Nani?

Hapa ndipo wasomaji hugawanyika. Wapo wanaomwona msimulizi kuwa mnafiki wa wazi, kwa kuwa alijifanya asivyokuwa. Wapo pia wanaosema kinyume: kwamba huyu angalau hakuwa mnafiki, kwa sababu anaeleza hila yake bila kuificha, tofauti na Wazungu waliofanya mambo yaleyale na kuyaita ustaarabu. Hoja ya pili ina mvuto, hasa kwa msomaji wa Kiafrika aliyechoshwa na historia zilizoandikwa na washindi. Lakini haisimami ikichunguzwa.

Unafiki si kukosa ukweli mahali pote; hakuna mtu asemaye uongo mahali pote. Mnafiki huwa na ndimi mbili kwa sababu ana hadhira mbili. Tippu Tip aliwaficha Watetera jambo ambalo aliwafunulia wasomaji wake wa pwani na Brode. Uwazi wake kwa hadhira ya pili haufuti uongo wake kwa ile ya kwanza. Badala yake unatuonyesha mpaka wa jamii yake ya kimaadili. Wale aliowaona kuwa watu wa kustahi hukumu yao, aliwaambia kweli. Wale aliowaona kuwa nchi ya kupita na kuchuma, aliwaambia hadithi. Anaposimulia hila yake kwa ucheshi, anatazamia msomaji acheke pamoja naye. Kicheko hicho kinamweka msomaji upande mmoja na Kasongo Rushie upande wa pili.

Fani ya tawasifu inaunga mkono usomaji huu. Mtindo wake ni wa sentensi fupi, wa kuhesabu na kupiga hatua: tulitoka, tulifika, tulipigana, tulipata. Pembe huhesabiwa kwa frasila. Hisia ni chache na toba haimo. Mtindo huo si wa mtu anayeficha. Ni wa mfanyabiashara anayetoa hesabu kwa washirika wake. Na katika hesabu, hila iliyoleta faida huandikwa upande wa mapato. Kwa hiyo ukavu wa nathari hii, unaosifiwa kuwa dalili ya unyofu, ni vilevile dalili ya mtu asiyetazamia kusomwa na aliowadhulumu.

4.0 Msimulizi Anapolaumu

Laiti tawasifu ingeishia katika hesabu, swali la maadili lingebaki kwa msomaji peke yake. Lakini msimulizi mwenyewe analileta mezani anapogeuka kuwa mlalamikaji. Mwezi Oktoba 1876 alikutana na Henry Morton Stanley karibu na Kasongo, wakapatana kwamba angemsindikiza kushuka Lualaba kwa malipo ya dola 5,000. Katika tawasifu anamshtaki Stanley kwa kutotimiza ahadi, na anasimulia kwa uchungu uliochanganyika na dhihaka kwamba badala ya ukarimu alioahidiwa alipelekewa picha ya Stanley. Stanley kwa upande wake aliandika kwamba Tippu Tip ndiye aliyevunja mapatano kwa kurudi kabla ya safari kutimia.

Ahadi ni deni: hiyo ndiyo kanuni anayoisimamia msimulizi dhidi ya Stanley, nayo ni kanuni njema. Je, inapoteza ukweli wake kwa kuwa anayeitamka alimdanganya Kasongo Rushie? La. Hapa inapasa kutenganisha mambo mawili ambayo mabishano kuhusu unafiki huyachanganya daima. La kwanza ni ukweli wa hukumu. La pili ni haki ya kuitoa. Hukumu kwamba ahadi hulipwa ni ya kweli hata ikitamkwa na mwizi. Lakini haki ya kumsimamisha mwingine mbele ya hukumu hiyo ni jambo jingine. Methali ya nyani asiyeona kundule haisemi kwamba kundu la mwenziwe halipo; inasema kwamba nyani si mtu wa kulitangaza.

Mafundisho ya dini mbili zenye wafuasi wengi Kasongo yanakubaliana katika jambo hili. Katika mapokeo ya Kiislamu mnafiki hutambulikana kwa kusema uongo anenapo, kuvunja ahadi aahidipo na kuhini aaminiwapo. Katika Injili upo mfano wa boriti na kibanzi. Ni jambo la kuzingatia kwamba katika mfano huo kibanzi hakikanushwi: kipo, na kinapasa kuondolewa. Kinachokatazwa ni mpangilio wa kazi, yaani kuanza na jicho la mwenzio.

5.0 Mizani ya Brussels

Mwezi mmoja kabla ya Stanley na Tippu Tip kukutana, yaani Septemba 1876, Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, aliitisha Brussels mkutano wa wanajiografia na wasafiri, na miongoni mwa makusudio yaliyotangazwa ilikuwa ni kukomesha biashara ya watumwa katika Afrika ya kati. Miaka kumi baadaye mikondo hiyo miwili ikakutana. Tarehe 24 Februari 1887, mjini Unguja, Tippu Tip alitia saini mapatano na Stanley, aliyemwakilisha Leopold, akawa wali wa Dola Huru ya Kongo katika Maporomoko ya Stanley kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuzuia biashara ya watumwa. Kila upande ulijua upande wa pili ni nani. Mfalme aliyetangaza vita dhidi ya utumwa alimwajiri mtu ambaye misafara yake ilijulikana Ulaya nzima kwa biashara hiyohiyo. Na mwajiriwa aliipokea bendera akiwa na nia ya kuendelea na pembe zake. Aidha, dola ileile ilinunua watu huko Maporomoko na kuwaandikisha uaskari, ikawaita waliokombolewa.

Mkutano wa Brussels uliofunguliwa Novemba 1889 na kutoa mkataba wake mkuu tarehe 2 Julai 1890 unadhihirisha jambo hili kwa uwazi zaidi. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulikuwa umekataza kutoza ushuru bidhaa zinazoingia katika bonde la Kongo. Kwa hoja kwamba kupiga vita utumwa kunahitaji fedha, Leopold akapata ruhusa ya kutoza ushuru huo. Mwezi Septemba 1891 akatoa amri, ambayo haikutangazwa hadharani, ya kuwataka maofisa wake waihifadhie dola pembe na mpira. Kwa hiyo vita vilipozuka mwaka 1892 baina ya majeshi ya dola na wafanyabiashara wa Maniema, havikuwa vita vya uhuru dhidi ya utumwa peke yake. Vilikuwa pia shauri la nani atakayezimiliki pembe.

Matukio yanafahamika. Gongo Lutete, kiongozi wa vita aliyekuwa chini ya Tippu Tip, alihamia upande wa dola mwaka 1892 pamoja na wapiganaji wake wengi, nao ndio waliomwezesha Francis Dhanis kuteka Nyangwe mwezi Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huohuo. Sefu, mwana wa Tippu Tip, alikufa kwa majeraha ya vita kabla ya mwaka kwisha. Kabambare ikaanguka Januari 1894, na Rumaliza akakimbia. Lakini Gongo Lutete hakuuona ushindi huo. Mwezi Septemba 1893, Dhanis akiwa mbali, maofisa wa dola walimshtaki uhaini na kumpiga risasi huko Ngandu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1895, askari wa Kitetela walipoasi Luluabourg, mauaji hayo yalikuwa miongoni mwa manung'uniko yao. Kwao, dola iliyohubiri haki ilikuwa imemlipa rafiki kwa risasi.

Je, unafiki wa Leopold uliifanya biashara ya watumwa kuwa halali? Hakuna mwenye akili atakayesema hivyo. Waliotekwa na kuuzwa walidhulumiwa kweli, hata kama aliyewataja katika hotuba hakuwajali. Ndiyo maana utetezi wa baadhi ya wanazuoni wa kizazi cha uhuru, wanaouzima uovu wa misafara kwa kuuonyesha uovu wa dola, hautoshelezi. Makosa mawili hayafutani kama tarakimu. Na hata hivyo lipo jambo la ajabu katika unafiki wa Brussels: maneno ya mfalme yaligeuka yakamfunga. Alipokwisha kuutangazia ulimwengu kwamba dola yake ilikuwepo kwa ajili ya kuwaokoa Waafrika, wakosoaji wake walipata kipimo cha kumpimia. Ripoti ya Roger Casement iliyotolewa mwaka 1904, kampeni ya E. D. Morel na tume ya uchunguzi ya miaka ya 1904 na 1905 vilikitumia kipimo hichohicho, mpaka Kongo ikaondolewa mikononi mwake mwaka 1908. Mnyang'anyi asiyejifanya mwema hampi mtu yeyote kishikio. Mnafiki hukiacha kishikio mlangoni bila kutaka.

6.0 Kabambare: Shahidi na Wenyeji Wake

Kesi ngumu zaidi si ya Leopold wala ya Tippu Tip, bali ya mtu ambaye wengi humheshimu. David Livingstone alifika Bambare, katika eneo la Kabambare ya leo, mwezi Septemba 1869, akakaa huko na kurudi tena akiwa mgonjwa, hata miezi mingi ya mwaka 1870 akaipitisha ndani kwa sababu ya vidonda vya miguu. Aliyemtunza, kumlisha na kumfanya aendelee kuishi hakuwa mmisionari. Walikuwa wafanyabiashara wa pwani, Muhamad Bogharib akiwa wa kwanza wao, yaani watu wa biashara ileile aliyoilaani katika shajara zake. Karatasi zilipomwishia aliandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mimea. Tarehe 15 Julai 1871 huko Nyangwe alishuhudia mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja sokoni, wakiuawa kwa bunduki na maji ya Lualaba. Habari hiyo ilipofika Uingereza mwaka 1872 iliongeza msukumo uliomfanya Sultani Barghash atie saini mwezi Juni 1873 mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja.

Je, aliyekula chakula cha wafanyabiashara alikuwa na haki ya kuwashtaki? Mtu akijibu kwamba hakuwa nayo, basi waliokufa Nyangwe wangebaki bila shahidi. Lakini suala haliishii hapo. Mwaka 2011 watafiti walitoa toleo la shajara ya mwaka 1871 iliyosomwa upya kwa kupigwa picha za mianga mbalimbali. Kulinganisha maandishi hayo ya papo hapo na yale yaliyonakiliwa baadaye kumeonyesha tofauti, hasa kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe, ambao wengi walikuwa watumwa wa wafanyabiashara wa Kihindi waliokodishwa kwake. Ukali wa maneno juu yao ulipungua. Ukali juu ya wafanyabiashara ulibaki.

Kwa kipimo kilichokwisha kuwekwa, ushahidi wa Livingstone juu ya Nyangwe ni wa kweli na haukosi kuwa wa kweli. Kilichopunguka ni mamlaka yake, na kimepunguka kwa kiasi kilekile alichojiondoa yeye na watu wake katika mizani. Kula chakula cha mwenyeji si unafiki, kwani mgonjwa hachagui mkono unaomnywesha maji. Unafiki huanzia pale kalamu inapofuta jina la upande wake.

7.0 Muungwana ni Nani?

Athari ya ndani zaidi ya unafiki, hata hivyo, haionekani katika vitabu vya watu mashuhuri bali katika lugha ya watu wa kawaida. Katika Kiswahili cha pwani *muungwana* ni mtu huru, asiye mtumwa. Na kwa upanuzi ni mtu mwenye adabu, anayetimiza neno lake. Methali husema uungwana ni vitendo. Neno hili lilipopanda bara pamoja na misafara, likapata maisha mapya. Katika Maniema, waungwana walikuwa wafuasi wa wafanyabiashara: waliovaa kanzu, waliosema Kiswahili, wengi wao waliosilimu. Wengi kati yao walikuwa watoto wa nchi ileile, waliotekwa utotoni au waliojiunga kwa kuikimbia njaa na vita. Kutokana nao lugha yenyewe ikaitwa Kingwana.

Hebu litazamwe jambo hili kwa macho ya mkulima wa Kibangubangu wa karibu na Kabambare katika miaka ya 1880. Anayekuja na bunduki kuchoma kijiji anaitwa muungwana. Anayekimbilia msituni ili asitekwe anaitwa mshenzi. Neno ambalo pwani lingemwezesha kulalamika, yaani kusema kwamba aliyemtendea hivi si muungwana, limekwisha kuchukuliwa na anayemtendea. Ikaja dola, nayo ikaleta neno lake, *aliyekombolewa*, kwa mtu aliyenunuliwa akatiwa bunduki mkononi bila kuulizwa. Mara ya pili lugha ya haki ikachukuliwa kabla mwenye haja nayo hajaifikia.

Huu ndio, kwa mujibu wa makala haya, uovu ulio mahususi kwa unafiki. Mauaji ni maovu kwa sababu yanaua, na wizi kwa sababu unanyang'anya. Unafiki huongeza juu yake jambo jingine: huitumia akiba ya imani ambayo kwayo maneno yote huwa na thamani, na aliyedhulumiwa anapotafuta neno la kushtakia hulikuta limekwisha kugeuzwa kuwa cheo cha mdhalimu. Kutopatana kwa neno na tendo peke yake si uovu mkubwa. Kila mtu mwenye kanuni za juu hushindwa kuzifikia, na asiyeshindwa huenda kanuni zake ziko chini mno. Dhaifu anayeshindwa hulia. Mnafiki hushindwa kisha akadai malipo ya aliyefaulu.

Hata hivyo lugha haikufa. Katika Kasongo neno hilo liliendelea kuishi, na watu wake wakalijaza maana upya kwa mazao, kwa misikiti, kwa ndoa na kwa adabu ya kila siku. Utafiti wa akiolojia na wa masimulizi ulioongozwa na Noemie Arazi, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba urithi unaokumbukwa na wenyeji ni mpana kuliko utumwa peke yake: umo ujenzi, umo ukulima, imo dini, imo lugha. Mahali penyewe pa mji wa kale huitwa Tongoni, yaani penye mahame. Wapo watakaoiona kumbukumbu hiyo kuwa usahaulifu wa kujitakia. Lakini yaweza pia kusomwa kama urejeshaji wa mali: wajukuu wa waliotekwa na wajukuu wa waliowateka, ambao mara nyingi ni watu walewale, wamelichukua neno *muungwana* na kulirudisha kwenye maana iliyowastahili.

8.0 Mamlaka Hutoka Wapi?

Tawasifu na historia iliyoizunguka zinatoa majibu manne. La kwanza ni nasaba: Kasongo Rushie aliamini kwamba damu hutoa haki ya kuamuru. La pili ni nguvu, nayo ilisema kwa bunduki za pande zote. La tatu ni dini, iliyoitwa na kila upande kuwa shahidi wake. La nne ni ustaarabu, ambao Brussels iliusoma kama hati ya umiliki. Yote manne yaliweza kuigizwa. Nasaba ilibuniwa, nguvu ilinunuliwa, dini ilitajwa kwa mdomo, na ustaarabu uligeuzwa ushuru. Chanzo kinachoweza kuigizwa chote hakiwezi kuwa chanzo cha mwisho.

Lililo gumu kuigizwa ni jambo moja: kukubali kupimwa kwa mizani ileile, mbele ya yule uliyemkosea. Tippu Tip aliieleza hila yake Unguja. Hakurudi kuieleza Utetera. Leopold alihubiri mbele ya mabalozi, wala hakuja Kongo hata siku moja. Livingstone alikaribia zaidi kuliko hao, kwa kuwa aliandika akiwa kati ya watu aliowashuhudia. Akapungukiwa pale alipowatoa watu wake kwenye mizani. Mamlaka ya kimaadili, kwa mtazamo huu, haitokani na kuwa safi, maana aliye safi hayupo. Hutokana na kujibika. Mtu mwenye hatia anayesema, "Nami mnipime kwa hili," ana haki ya kulaumu kuliko mtu safi asiyekubali kuulizwa.

Kipingamizi kimoja chaweza kutolewa: kwamba kipimo hiki kinadai mno, na kwamba katika Maniema ya karne ya 19 hakuna mwenye bunduki ambaye angekifikia. Ni kweli. Lakini waliokifikia walikuwepo. Askari wa mwaka 1895 walioyadai maisha ya Gongo Lutete kwa jina la uaminifu hawakuwa watu wasio na damu mikononi. Walidai kutoka kwa dola neno ambalo dola yenyewe ilikuwa imelitamka. Nguvu ya dai lao ilitoka katika deni lililokuwa halijalipwa.

9.0 Hitimisho

Tawasifu ya Tippu Tip imesomwa kwa muda mrefu kama kitabu cha safari na biashara. Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba ni kitabu cha maadili pia, ingawa mwandishi wake hakukusudia hivyo. Kisa cha nasaba ya Utetera kinafunza kwamba unyofu mbele ya wenzetu si unyofu kamili. Malalamiko dhidi ya Stanley yanafunza kwamba kanuni ya kweli haipotei mdomoni mwa mwongo. Vita vya Kasongo na Kabambare vinafunza kwamba maneno ya haki yaweza kuchukuliwa na mdhalimu, na kwamba yaweza pia kurudi kumfunga.

Kazi iliyobaki kwa wanafunzi wa Kiswahili ni kuisoma tawasifu hii kutoka upande wa pili wa mto: kwa kuyakusanya masimulizi ya Wakusu, Wabangubangu na Wazimba katika Kiswahili chao wenyewe, na kuyaweka kando ya maneno ya el Murjebi. Kasongo Rushie ndiye mhusika mkuu asiye na sauti katika nathari hii. Mpaka atakapopewa, kila hukumu itakayotolewa juu ya mjukuu wake wa kubuni itakuwa imetolewa na watu ambao hawakudanganywa.